Tembo Tamu, Tembo Kali: Hamira za Mwitu Katika Utomvu wa Mnazi



  

Ndugu msomaji, makala hii imetokana na kosa letu sisi walimu, basi ni vyema tuanze na kosa lenyewe. Mwanafunzi mmoja wa darasa la fiqhi alitufuata baada ya somo la vinywaji. Babu yake ni mgema. Kila asubuhi babu akishuka mnazini humpa mjukuu wake kikombe cha tembo tamu. Mwanafunzi alitaka kujua mambo mawili: kwanza, je, kile anachokunywa ni halali? Pili, kikibaki, anaweza kukinywa mpaka lini?

Tulimjibu haraka haraka, kama mwalimu anavyojibu wakati kipindi kinakwisha. Tulimwambia kuwa tembo tamu ni halali, na hapo hatukukosea. Kisha tukamwambia kuwa hukumu yake ni kama ya nabidh, yaani maji yaliyorowekwa zabibu au tende. Imepokewa katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku ile, na ya pili, na ya tatu mpaka jioni, kisha kilichobaki hakinywi tena. Basi tukasema: muda ni siku 3. Mtoto akaenda zake akiwa na furaha.

Siku chache baadaye bibi yake alikuja madrasa. Hakuja kugombana. Alitoa salamu, akakaa, akatueleza kuwa mjukuu wake alificha chupa ya tembo chini ya kitanda, na kesho yake alasiri akanywa yeye na mdogo wake wa miaka 6. Yule mdogo alipepesuka, akatapika, akalala mpaka usiku. Mkubwa alipoulizwa alisema walimu wamemruhusu siku 3. "Wanangu," alisema yule bibi, "mimi nimezaliwa chini ya minazi. Tembo la asubuhi haliingoji hata magharibi. Hizo siku 3 mmezitoa wapi?"

Tulimwomba radhi, na kwa yule mdogo pia. Lakini swali lake lilibaki. Hadithi ni sahihi na bibi naye ni mkweli. Zabibu ndani ya maji zilikaa siku 3, na utomvu wa mnazi haukai siku 1. Tofauti iko wapi? Ili kujibu ilibidi tuwasome viumbe wanaoingia ndani ya kibuyu, ambao darasani hatukuwahi kuwataja.

UTOMVU UNAPOTOKA MTINI

Mgema huchagua karara changa ambalo bado halijafunguka. Hulifunga kamba, hukata ncha yake kwa kisu kikali, kisha hutundika kibuyu au chupa. Asubuhi na jioni hupanda tena na kukata ngozi nyembamba ili mahali pa kutokea pasizibe. Kinachodondoka ni chakula ambacho mnazi ulikuwa ukiyapelekea maua yake, ambayo yangekuwa nazi. Ndani yake mna sukari nyingi, ya aina ile ile tunayotia katika chai, kiasi cha gramu 100 hadi 150 katika kila lita.

Ukiwa bado ndani ya mti, utomvu huo ni safi. Unapoanza kudondoka tu, wageni huingia. Wamo juu ya kisu, katika kamba, katika vumbi linalopeperushwa na upepo, miguuni mwa nyuki, nzi na sisimizi, na zaidi ya yote wamo katika mashapo ya jana yaliyoachwa ndani ya kibuyu. Hata komba, ambaye watu wa pwani humtolea mfano wa ulevi, huja usiku akaacha alama zake. Mwaka 2012 watafiti walieleza kuwa huko Italia nyigu hubeba hamira matumboni mwao wakati wote wa baridi na kuwalisha watoto wao, na kwa njia hiyo hamira huvuka kutoka msimu hadi msimu. Mdudu huyu hatumpendi, lakini kumbe naye ana kazi yake.

Jambo hili si la mnazi peke yake. Wenzetu wa Iringa na Njombe wanapokata mianzi kupata ulanzi, wageni ni hao hao au ndugu zao. Na katika nchi za baridi, gome la mti likipasuka na utomvu ukatoka, hamira hujikusanya pale pale. Mtafiti Herman Phaff wa Chuo Kikuu cha California alikusanya utomvu wa miti ya Japani na ya Marekani katika miaka ya 1960, akapata hamira yenye rangi ya waridi. Rangi yake ni ile ile inayowapa uduvi na kamba wekundu wao, na leo hamira hiyo hufugwa ili kutiwa katika chakula cha samaki wanaofugwa. Ilipewa jina lake, Phaffia, mwaka 1976.

HAMIRA NI NINI HASA?

Mama zetu wanaijua hamira ya dukani, ile ya chembechembe inayoumua maandazi na mikate. Wengi hudhani ni dawa kama vile magadi. La, hamira ni kiumbe hai. Ni katika jamii ya kuvu, pamoja na uyoga na ukungu wa mkate uliolala, ila yeye kila mmoja ni seli 1 tu. Ni mdogo kiasi kwamba ukizipanga seli zake foleni, zaidi ya 100 huingia katika milimita 1. Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona kwa lenzi yake mwaka 1680 asijue kuwa zina uhai. Ilichukua zaidi ya miaka 150 mpaka mwaka 1837, wataalamu wa Ufaransa na Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kuwa zinakua na kuzaana.

Kazi yake ni kula sukari. Akikosa hewa ya kutosha, huigawa sukari ikawa vitu viwili: hewa ya kaboni, ambayo ndiyo mapovu, na alkoholi, ambayo ndiyo inayolevya. Unaweza kumwona kazini nyumbani kwako. Tia kijiko cha hamira na vijiko 2 vya sukari katika chupa yenye maji ya uvuguvugu, kisha vuta puto mdomoni mwa chupa. Baada ya nusu saa puto litaanza kusimama lenyewe. Ukimaliza mwaga maji yale; sababu utaijua mbele.

JINSI WANAVYOTAMBULIWA

Hamira zinazojulikana ni zaidi ya spishi 1,500, na kwa macho nyingi ni unga mweupe. Sasa mtaalamu anajuaje nani ni nani katika tone 1 la tembo?

Kwanza huwatenganisha. Tone huchanganywa na maji mengi, kisha hupakwa juu ya ute mgumu uliowekwa katika kisahani. Ute huo hutokana na mwani (siyo huu wetu wa Paje na Jambiani, ambao hutoa ute wa aina nyingine). Kila seli iliyoanguka peke yake huzaana hapo mpaka ikawa doa linaloonekana, na wote waliomo katika doa lile ni kizazi cha mzee mmoja. Njia ya kuanza na seli 1 safi ilifanyiwa kazi na Emil Christian Hansen huko Copenhagen, mwaka 1883.

Kisha huja hadubini. Hapa sisi wenyewe tulibahatika, kwani mwalimu wa bayolojia wa sekondari ya jirani alituonyesha tone la tembo la saa 9 alasiri. Tuliona vitu vya mviringo kama mayai, vingine vikiwa na kichipukizi ubavuni kama kiazi kinachoota. Hao ni wa kundi la Saccharomyces, na miongoni mwao ni Saccharomyces cerevisiae, ambaye ndiye hamira ya mikate. Wengine walikuwa wamechongoka huku na huku mfano wa ndimu. Hao huitwa Hanseniaspora. Wapo pia wanaopenda kukaa juu na kufanya utando mweupe, kama baadhi ya Pichia.

Na yupo mmoja ambaye ni lazima tumtaje. Huyu hachipui, bali hurefuka kama kipande cha muhogo kisha hukatika katikati sawasawa. Mjerumani Paul Lindner alimweleza mwaka 1893 baada ya kumpata katika pombe ya mtama kutoka Afrika Mashariki, akamwita Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe, kwa Kiswahili hiki hiki. Hupatikana pia katika utomvu wa minazi na mitende ya aina mbalimbali. Mwingereza Paul Nurse alimtumia katika kuchunguza jinsi seli inavyojigawa, na mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Tim Hunt. Elimu hiyo husaidia leo kuelewa maradhi ya saratani. Sisi hutamani neno letu lililoingia katika vitabu vya sayansi vya ulimwengu mzima lingekuwa jingine, lakini ndilo hilo.

Umbo peke yake halitoshi, maana ndugu wawili wanaweza kufanana kama mapacha. Kwa hiyo kila hamira hupewa sukari mbalimbali, moja moja, katika vichupa vyenye kijibomba kilichopinduliwa ndani yake. Ikiwa anaiweza sukari ile, mapovu hujikusanya katika kijibomba. Huyu anaiweza ya matunda lakini ya maziwa hapana, yule anaiweza ya nafaka, na kadhalika. Siku hizi njia ya mwisho ni kusoma vinasaba. Husomwa kipande kimoja chenye herufi kama 600 na kulinganishwa na vya wengine waliokwisha kusajiliwa. Zikitofautiana herufi 6 au zaidi, kwa kawaida hao ni spishi mbili tofauti. Zikiwa 3 au chini ya hapo, huenda ni mmoja.

Kusoma vinasaba kumefichua jambo la ajabu. Hamira kadhaa zilikuwa na majina mawili kwa miaka mingi. Yule wa umbo la ndimu aliitwa Kloeckera alipoonekana bila mbegu zake za uzazi, na Hanseniaspora alipoonekana nazo, kama mtu mmoja aliyeandikishwa vijiji viwili. Mwaka 2011 wataalamu wa mimea na kuvu walikutana Melbourne, Australia, wakakubaliana kuwa kila kuvu awe na jina moja tu. Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka hapa ile hadithi iliyomo katika Sunan Abu Dawud, kwamba watakuja watu watakaokunywa khamri na kuiita kwa jina lisilo lake. Jina halimbadilishi aliye chini yake.

SAA KWA SAA NDANI YA KIBUYU

Sasa turudi kwa bibi yetu. Katika saa za mwanzo wanaotangulia ni bakteria wanaotia uchachu, pamoja na hamira wenye haraka lakini wasio na nguvu, kama wale wa ndimu. Utomvu ambao ulitoka karibu na wazi kama maji huanza kuwa mweupe kama maziwa yaliyochujwa. Wengi hudhani weupe ule ni rangi ya tembo. Kumbe ni hao wenyewe, mamilioni kwa mamilioni, wanaozuia mwanga kupita.

Kadiri alkoholi inavyoongezeka, wale wa mwanzo hushindwa na kilevi walichokitengeneza wenyewe. Saccharomyces huistahimili zaidi, basi yeye hushika uwanja. Katika joto la pwani anaweza kuzaana mara 1 kila baada ya saa 2 hivi. Piga hesabu: mmoja wa saa 12 asubuhi amekuwa 64 ifikapo saa 12 jioni, na ifikapo asubuhi ya pili ni 4,096. Na kibuyu chenye mashapo ya jana hakianzi na mmoja, huanza na jeshi zima. Baada ya siku 1 tembo huweza kuwa na alkoholi ya asilimia 5 hivi. Hicho ndicho alichokunywa mtoto wa miaka 6.

Kuna na mwingine anayetatiza hesabu. Anaitwa Zymomonas, naye si hamira kabisa, ni bakteria. Lakini naye hugeuza sukari kuwa alkoholi, na katika tembo hupatikana sana. Hivyo hata mtu akisema kinywaji chake kimepimwa na hakina hamira, bado hajasema lolote juu ya kulevya.

Ukilinganisha sasa na zabibu za Madina utaona. Zabibu iliyokauka ndani ya maji hutoa sukari yake polepole. Utomvu wa mnazi ni sukari iliyokwisha kuyeyuka, yenye joto, iliyokaa mtini usiku kucha pamoja na wageni wake kabla hata mgema hajaushusha. Tembo la asubuhi si changa kama tunavyolidhania. Matone yake ya kwanza yana saa 12.

HUKUMU INASHIKA NINI?

Tulirudi vitabuni kwa haya, na jibu lilikuwapo siku zote. Katika Sahihi Muslim hiyo hiyo imo pia hadithi ya Bibi Aisha (R.A.), kwamba nabidh ya Mtume (S.A.W.) ikirowekwa asubuhi hunywewa usiku, na ikirowekwa usiku hunywewa asubuhi. Imam Nawawi katika sherehe yake anaeleza kuwa hadithi mbili hizi hazigongani: huenda ya Bibi Aisha ni ya wakati wa joto, ambapo huchelewi kuona kinywaji kimeharibika, na ya Ibn Abbas ni ya wakati ambapo hakibadiliki kabla ya siku 3. Maana yake ni kuwa siku 3 si ruhusa kwa kila kinywaji. Kinachotazamwa ni kulevya, kwa sababu Mtume (S.A.W.) alikwisha kutufundisha kuwa kila kinacholevya ni khamri na kila khamri ni haramu, na kwamba kinacholevya kwa wingi wake, uchache wake pia ni haramu. Sisi tuliichukua nambari tukaiacha sababu yake.

Kwa hiyo hamira yenyewe si haramu. Mkate wako na maandazi yako ni halali. Alkoholi kidogo inayozaliwa unga ukiumuka, sehemu kubwa huondoka kwa moto, na hakuna aliyelewa kwa mkate. Ndani ya tembo ni hamira yule yule, lakini hukumu imebadilika kwa sababu alichokifanya pale kinalevya. Katika Surat An-Nahl, aya ya 67, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha kuwa katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo na hupata pia riziki njema, na vyote viwili vimetoka mti mmoja.

Kwa familia za wagema tunasema hivi. Tembo tamu linywewe pale pale linaposhushwa, kutoka kibuyu kilichooshwa kwa maji yanayochemka, na maji hayo huua hamira mbali na kuondoa mashapo, ambayo katika madhehebu yetu ya Shafi ni najisi yakiwa ya tembo kali. Likianza kufanya povu, likichoma ulimi au likanuka kali, liache, wala usimwonjeshe mtoto ili kujaribu. Wenzetu wa India, Sri Lanka na Indonesia wanaotengeneza sukari ya mnazi hupaka chokaa ndani ya chombo kabla ya kukitundika, na chokaa hiyo huwazuia hamira wasianze kazi mapema. Ukilichemsha asubuhi ile ile wote hufa, na ukiendelea kulichemsha hugeuka kuwa asali nzito ya mnazi ambayo hukaa muda mrefu.

Wengine watauliza kuhusu siki. Tembo kali likiachwa wazi, bakteria wengine wanaopenda hewa huila ile alkoholi na kuifanya siki, na siki ni kitoweo alichokisifu Mtume (S.A.W.). Kwa Imam Shafi, khamri ikigeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu huwa tohara na halali, pamoja na chombo chake. Ikitiwa kitu ili kugeuzwa, haitohariki kwake, ingawa wanazuoni wa Hanafi wameruhusu. Basi anayenunua siki ya mnazi sokoni amuulize muuzaji ameifanyaje. Si aibu kuuliza.

Yule bibi siku hizi hutenga kikombe kimoja kwa kila mjukuu alfajiri, na kilichobaki hukitia sufuriani kabla jua halijapanda. Alituletea chupa ya asali yake mwezi wa Ramadhani, tukafuturia vitumbua. Mwanafunzi wetu naye yuko darasa la juu sasa, na akisikia mwalimu anataja nambari hunyanyua mkono kuuliza sababu yake.

Wallahu a'lam.